Wani ya 3 na mlango wa Harvard: jinsi vyuo binafsi vya Marekani vinavyochagua watu

Kila Julai, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, hakosekani kijana aliyepata wani ya 3, A tatu tupu za PCM au PCB, ambaye majirani wanaanza kumwambia: wewe sasa ni wa Harvard. Majirani hawana kosa. Kwetu hesabu ndiyo hiyo. Alama zikitosha unachaguliwa, na neno "kuchaguliwa" tumelizoea kama kitu kinachofuata kufaulu jinsi embe linavyofuata ua. Wa kidato cha tano wanapangwa kwa ufaulu na tahasusi, wa chuo kikuu wanaangaliwa pointi, na Kenya KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, nayo inapanga watu kwa pointi za kundi la masomo. Hakuna anayemuuliza mtahiniwa siku ya Jumamosi huwa anafanya nini.

Vyuo binafsi vikubwa vya Marekani vinauliza. Mwaka 2021 Harvard ilipokea maombi 57,435 ikatoa nafasi 1,968. Katika kila waombaji 100 hawakufika hata wanne. Na waliokosa si kwamba walifeli. Katika kesi ya kupinga jinsi Harvard ilivyokuwa ikizingatia rangi ya waombaji, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, nyaraka za chuo hicho zilionyesha kwamba katika msimu mmoja waombaji wa ndani ya Marekani zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani wa juu kabisa wa darasani, na nafasi zote zilikuwa kama 2,000. Yaani ukichukua wenye alama safi peke yao, tayari chuo kimejaa mara nne, na bado hujagusa bahasha hata moja kutoka nje ya nchi. Alama zinakufikisha getini. Atakayeingia anaamuliwa kwa mambo mengine.

Mambo hayo yana historia, tena si ya kujivunia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Harvard ilikuwa karibu na mfumo tunaoujua sisi: kuna mtihani, ukiupasi unaingia. Shida ya wakubwa wa chuo ilianza pale mtihani ulipoanza kufauliwa na watu wasiowataka, hasa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, ambao kufikia 1922 walikuwa zaidi ya moja ya tano ya wanafunzi wapya. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alitaka wawekewe kikomo cha asilimia 15. Pendekezo lilipingwa hadharani, basi likapita mlango wa nyuma. Fomu za maombi zikaanza kuuliza kama mwombaji au baba yake aliwahi kubadili jina. Ikaja picha, usaili, barua ya kueleza "tabia" ya kijana, na hamu ya ghafla ya kupata wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi. Mtihani unampa alama yeyote anayejibu. "Tabia" anaipima yule aliyekaa upande wa pili wa meza.

Vyombo hivyo ndivyo mwombaji wa leo anavyovijaza, ingawa kazi yake imebadilika. Kuanzia miaka ya 1960 insha na barua zilezile zilianza kutumika kufungua mlango kwa Wamarekani weusi na wengine waliokuwa wamefungiwa nje. Kisha tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, kesi hiyo ilipofika kwake, ikapiga marufuku kuhesabu rangi ya mwombaji kama sifa. Ila kuingia kwa upendeleo wa aina nyingine hakukuguswa. Nyaraka za kesi hiyohiyo zilionyesha kwamba kwa madarasa ya wahitimu wa 2014 hadi 2019, watoto wa waliosoma Harvard walikubaliwa karibu mmoja kwa kila watatu, na wengine hawakufika 6 kwa 100. Ongeza wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa wahadhiri, na wale ambao majina yao yako kwenye orodha ya mkuu wa udahili kwa sababu ukoo wao unachangia. Mwaka 2023 wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba mtoto wa familia iliyo kwenye asilimia 1 ya juu ya kipato ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia vyuo vya ngazi hiyo kuliko mtoto wa tabaka la kati mwenye alama zilezile. Nimeona nianze na hili ili mtu akikosa asidhani amepimwa akaonekana hafai. Sehemu kubwa ya viti ilikuwa na wenyewe kabla hajawasha kompyuta.

Basi ndani ya chumba kile hufanyika nini? Kwa Harvard tunajua kwa sababu mahakama ililazimisha wafungue daftari. Faili husomwa na afisa anayeshughulikia eneo unalotoka, na anaweka namba kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 6: masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, na utu. Kamati ndogo ya eneo inajadili, kisha kamati kamili ya watu kama 40 inapiga kura. Kumbuka hilo neno, eneo. Yule afisa anajua, au anapaswa kujua, kwamba shule ya kata haina maabara ya fizikia na kwamba kidato cha sita kina masomo matatu ya tahasusi. Mwanafunzi wa Sengerema halinganishwi moja kwa moja na wa Boston aliyefundishwa kucheza fidla tangu ana miaka minne. Analinganishwa na kile kilichokuwapo mezani kwake. Walichomwekea alikila chote? Akaongeza na cha kutafuta mwenyewe?

Hapa niingilie jambo la pesa, maana ndilo linalowakatisha wengi tamaa mapema. Kwetu "chuo binafsi" kina harufu ya ada kubwa na, tuseme ukweli, ya mtu aliyekosa nafasi ya serikali. Marekani neno hilo linadanganya. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni binafsi kwa maana kwamba si mali ya serikali, ila si duka la mtu. Wanaishi kwa wakfu. Msomaji wa Pwani ataelewa haraka: mali imetengwa, haiuzwi, na mazao yake yanaendesha kazi iliyokusudiwa. Tofauti ni ukubwa. Wakfu wa Harvard mwaka 2024 ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 50. Kwa sababu hiyo gharama ya zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka iliyoandikwa kwenye tovuti yao ni bei ya mwenye nacho. Mwaka 2025 walitangaza kwamba familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka, yenye mali za kawaida, haitalipa kitu, si ada, si chakula, si malazi. Ni watumishi wangapi wa umma unaowajua wanaovuka kiwango hicho? Kinyume chake, chuo cha serikali cha jimbo fulani, ambacho ada yake inaonekana nafuu, mara nyingi hakina cha kumpa mgeni. Mtoto wa mkulima wa Mbozi anaweza kusoma Princeton bure na akashindwa kabisa kulipia chuo cha kawaida cha Ohio.

Lakini si kila chuo chenye jina kina moyo huo kwa wageni, na mtego uko kwenye lugha. Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: wakati wa kuchagua, wanaangalia mfuko wako? Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii, hata kwa mwombaji kutoka nje. Dartmouth na Bowdoin walijiunga na kundi hilo mwaka 2022, na Brown baada yao. Vyuo vingi vingine, Stanford na Columbia vikiwemo, wanaangalia: kuomba msaada kunaweza kukupunguzia nafasi, kwa kuwa fungu la wageni lina kikomo. Swali la pili ni tofauti: wakishakuchukua, watajaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yako? Stanford, kwa mfano, anaangalia mfuko mlangoni, ila akikuchukua huku ulishaomba msaada anajaza pengo. Na vipo vyuo visivyoangalia mfuko wakati wa kuchagua, vikakutumia barua ya pongezi, halafu vikakuachia deni la dola 40,000 kwa mwaka ulitafute mwenyewe. Barua hiyo inauma kuliko ya kukataliwa. Kabla ya kuomba popote, tafuta majibu ya maswali yote mawili, na ujue pia kwamba vyuo vingi vinataka uombe msaada tangu mwanzo. Ukisema hutaki msaada ili uonekane tajiri, ukija kubadili kauli baadaye mlango umefungwa.

Maelezo ya kipato hujazwa kwenye fomu inayoitwa CSS Profile, na hiyo fomu ilitungwa na watu wanaodhani kila baba ana hati ya mshahara na nyumba ya mkopo. Baba analima mahindi na ana ng'ombe wanne. Mama anauza mbogamboga. Usiache nafasi wazi, wala usibuni. Kadiria mavuno ya mwaka kwa gunia na bei ya gunia, badilisha kwa dola, kisha andika barua fupi ya kueleza umefikaje kwenye hesabu hiyo. Barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri inasaidia. Anayeficha duka la Kariakoo anacheza na moto, maana chuo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kukupa.

Turudi kwenye faili. Kwa sehemu kubwa hutumwa kupitia Common App, fomu ya pamoja iliyoanza mwaka 1975 kwa vyuo binafsi 15 na leo inakuruhusu kuomba hadi vyuo 20. Ndani yake kuna matokeo, barua za walimu, orodha ya shughuli na insha. Vyuo kadhaa vikubwa, Harvard, MIT na Dartmouth vikiwemo, vimerudisha sharti la mtihani wa SAT waliolilegeza wakati wa korona. SAT ina alama 1600, Kiingereza na hesabu, na kwa nje ya Marekani inafanywa kwa kompyuta tangu 2023. Vituo kwetu ni vichache na viko mijini, kwa hiyo jisajili mapema na uhesabu nauli.

Kuhusu matokeo, tatizo letu ni ugumu wa kusahihisha. Kidato cha sita, A inaanzia 80 na B inaanzia 70, na walimu wengi wa majaribio ya ndani hawatoi 80 hata kwa ndugu zao. Msomaji wa Marekani aliyezoea kuona 95 na 98 akikuta 68 anaweza kudhani wewe ni wa kubahatisha, kumbe ulikuwa wa kwanza kati ya 112. Dawa yake ni karatasi inayoitwa wasifu wa shule: inaeleza shule ina wanafunzi wangapi, madaraja yanagawanywaje, masomo gani hayapo, wastani wa darasa ulikuwa ngapi. Shule nyingi hazina. Mwombe mwalimu wa taaluma muiandae pamoja. Ni kazi ya mchana mmoja, na itawafaa wadogo zako shuleni pia.

Barua za walimu ndizo zinazoniumiza kichwa zaidi. Nimesoma nyingi, na ukitoa jina unaweza kuzibadilishana. Mtajwa hapo juu ni mwanafunzi wa shule hii. Ni mtiifu, ana nidhamu, hajawahi kupewa adhabu. Tunaomba apokelewe na kupewa ushirikiano. Mwalimu aliyeandika hivyo hakutenda ubaya. Kwetu barua ya aina hiyo ni cheti cha kwamba mtu hana doa, na kusema zaidi ni kutia chumvi. Ila afisa wa Marekani akiisoma anaelewa kitu kingine kabisa: mwalimu huyu hamkumbuki mtoto. Yeye anataka siku, mahali na tukio. Tuseme shule imeishiwa kemikali ya kupimia asidi na besi, na binti wa kidato cha tano akaja na maji ya choya kwenye chupa ya soda, akaonyesha kwamba yanabaki mekundu kwenye ndimu na kugeuka rangi kwenye maji ya majivu, halafu akabishana na mwalimu kwa adabu kwa nini. Aya moja ya kisa hicho ina uzito kuliko kurasa mbili za "mtiifu".

Sasa utamwambiaje mwalimu hayo? Huwezi kumfundisha kazi mtu unayemwamkia shikamoo. Njia inayofanya kazi ni kumwendea mapema, miezi miwili kabla, na kumwachia karatasi: "Mwalimu, haya ni mambo ninayoyakumbuka kwenye kipindi chako, huenda yakakusaidia." Atachagua mwenyewe. Kuna walimu watakaosema, "Andika mwenyewe, nitasaini." Wanasema hivyo kwa wema au kwa uchovu, lakini ukikubali, barua yake, ya mwalimu wa hesabu na insha zako zitakuwa na sauti moja na makosa yaleyale ya sarufi, na msomaji wa faili ataona. Pia mweleze kwamba hatakupa karatasi mkononi; anaituma mwenyewe kwa baruapepe yake. Walimu wasio na baruapepe ya kudumu wapo. Anzia hapo.

Orodha ya shughuli ina nafasi kumi, na kila moja inaelezwa kwa herufi 150 tu. Wengi huandika klabu ya mdahalo, kiranja, skauti, wakaishia hapo wakiona aibu kwamba zimebaki nafasi saba tupu. Fomu yenyewe ina kipengele cha majukumu ya nyumbani na kingine cha kazi ya malipo. Kuchota maji kilomita tatu kila alfajiri ni shughuli. Kulea wadogo wawili tangu mama aanze kuumwa ni shughuli. Kukaanga maandazi na kuyauza stendi, kusomesha watoto juzuu ya kwanza madrasa, kusoma dawa kwa bibi asiyejua kusoma: vyote vinahesabika, mradi uandike saa kwa wiki na wiki kwa mwaka bila kutia chumvi.

Halafu insha, maneno yasiyozidi 650. Mtoto aliyelelewa na "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" anaombwa ajitembeze, naye anafanya moja kati ya mawili: anajificha nyuma ya jamii yake yote, au anapiga tarumbeta. "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari ili niisaidie jamii yangu." Si uongo, ila sentensi hiyo imeshaandikwa na kila mtu. Nadhani methali yetu haijakosea, tumeisoma haraka. Chema kinajiuza kikionekana, na kazi ya insha ni kukiweka mahali pa kuonekana. Chukua kijana anayemwandikia mama yake daftari la kikoba: wanachama 25, safu ya hisa, safu ya mkopo, safu ya mfuko wa jamii. Jumapili moja hesabu inakataa kwa shilingi 12,000. Akina mama wanatazamana. Akiandika jinsi alivyoitafuta ile 12,000 ukurasa kwa ukurasa, alivyoigundua, na alivyolieleza kundi bila kumwaibisha aliyekosea, hahitaji kusema kwamba anajua hesabu na ana utu. Msomaji ameshayaona.

Kalenda nayo inatutega. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti, lakini maombi hufungwa siku za mwanzo za Januari, na ya awali mwanzoni mwa Novemba. Matokeo ya kidato cha sita ya Tanzania hutoka Julai. Kwa hiyo ama uombe ukiwa bado kidato cha sita, kwa matokeo ya kidato cha nne na ripoti za shule, ama umalize, upate matokeo, na ukae mwaka mmoja ukijiandaa. Huo mwaka haukupunguzii sifa. KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit na mwandishi John Manners kwa vijana wa Bonde la Ufa, huwachukua waliokwisha kupata matokeo ya KCSE, kisha wanatumia miezi inayofuata kuwaandaa kwa SAT na insha. Na kwa kuwa ulikuwa mpango wa akina Kalenjin, waliweka pia mbio za mita 1,500, kocha wa chuo apate cha kuangalia.

Maombi ya awali yana aina mbili. Moja inakufunga: ukikubaliwa, unaenda, basi. Chuo kinaipenda kwa sababu kinajua kiti kimejaa. Nyingine haikufungi ingawa inakuzuia kuomba mapema vyuo binafsi vingine. Hiyo ndiyo ya Harvard, Yale, Princeton na Stanford. Usifunge ndoa na chuo ambacho hujajua kitakulipia kiasi gani.

Kosa kubwa ninaloliona ni orodha yenye majina manane maarufu na hakuna kingine. Ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Kenya kwenda Marekani iliyoandaliwa na Tom Mboya mwaka 1959 ilibeba vijana 81, na wengi wao walienda kwenye vyuo ambavyo nyumbani hakuna aliyewahi kuvisikia. Wangari Maathai, aliyefuata mwaka 1960, alipelekwa chuo kidogo cha Kikatoliki mjini Atchison, Kansas, akasoma baiolojia. Leo kuna Berea, Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855 na wapinga utumwa: hakimtozi ada mwanafunzi yeyote, na kila mmoja anafanya kazi chuoni saa kadhaa kwa wiki. Kuna Amherst, kuna Bowdoin kule Maine kwenye theluji. Vyuo hivi vina wahadhiri wanaojua jina lako ifikapo wiki ya pili.

Wakala anayekuahidi nafasi kwa malipo, mkimbie. Marekani kwenyewe mtu aitwaye William Singer aliwauzia matajiri milango ya pembeni kwa kuhonga makocha na kubadilisha majibu ya mitihani. Alikamatwa, kesi ikalipuka Machi 2019, na Januari 2023 akahukumiwa miaka mitatu na nusu jela.

Ukikubaliwa una hadi tarehe 1 Mei kujibu. Chuo kitakutumia fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba umepokelewa, utalipia mfumo wa SEVIS, unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha utapanga usaili wa viza. Hapa mambo yamekuwa magumu kuliko zamani. Juni 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha viza mpya za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na orodha ya nchi zenye vizuizi imekuwa ikibadilika tangu hapo, kwa hiyo angalia hali ya nchi yako mwezi huo huo unaoomba, usitegemee aliyoambiwa kaka yako mwaka juzi. Balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi zina ofisi ya EducationUSA ambayo ushauri wake ni bure. Nenda nayo yale maswali mawili ya mfuko, na waulize pia jinsi ya kuomba usamehewe ada ya maombi, maana dola 75 au zaidi kwa kila chuo, mara vyuo kumi, ni ng'ombe mzima.